Roboti ya kukata majani Shangani: itadumu miaka mingapi, na nani ataitengeneza?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeendesha nyumba ya wageni Shangani, Mtwara mjini. Kijana wake anafanya kazi Sweden na anataka kumletea roboti ya kukata majani, ama ile aliyoitumia mwenyewe kwa misimu minne, inayofuata waya uliofukiwa kuzunguka bustani, ama mpya kabisa inayoongozwa na satelaiti. Uwanja wa mama huyo una ukubwa wa takribani mita za mraba 600, umeoteshwa majani ya pemba, una miembe miwili, na upepo wa bahari unaufikia moja kwa moja. Anauliza: „Itadumu miaka mingapi, na ikiharibika nitaipeleka kwa nani? Sitaki kuletewa kitu kitakachoishia kuwa pambo la stoo.“

Shikamoo Mama. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Ukilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, chukua ile ya zamani ya waya, lakini isifungwe kwenye sanduku kabla kijana hajakamilisha mambo machache nitakayoyataja mbele. Ile mpya ya satelaiti ni bora kuliko ya zamani karibu kwa kila kipimo, isipokuwa hicho kimoja ulichokiuliza wewe.

Mashine hizi si ngeni kama wengi wanavyodhani. Kampuni ya Husqvarna, ya hukohuko Sweden, ilitoa roboti yake ya kwanza ya kukata majani mwaka 1995, ikiendeshwa kwa mwanga wa jua, na umbo la msingi halijabadilika sana tangu hapo: mota mbili za kuendesha magurudumu, mota ya tatu ya kuzungusha sahani ya visu, betri, bodi ya umeme inayotoa amri, na vihisi vya kutambua kizuizi na kunyanyuliwa. Visu vyake havifanani na panga zito la mashine ya petroli; ni vipande vidogo, mara nyingi vitatu, vyembamba kama wembe, vilivyofungwa kwa skrubu kwa namna ya kuning'inia ili vikigonga jiwe vikunjike badala ya kuvunjika. Hakuna kabureta, hakuna plagi, hakuna oili ya kumwaga. Mota zenyewe katika mashine nyingi za miaka ya karibuni hazina kaboni, maana yake hakuna kitu ndani yake kinachosuguana na kuisha zaidi ya beringi. Kwa sababu hiyo upande wa chuma na plastiki huzeeka polepole mno, na huko Ulaya mashine iliyotunzwa ikifika miaka kumi si jambo la kushangaza. Zikifa, hufa kwa sababu nyingine, na nyingi ya sababu hizo zina nguvu zaidi huku Kusini kuliko kule zilikotengenezewa.

Ya kwanza ni betri. Betri ya lithiamu huchakaa kwa njia mbili kwa pamoja: kwa idadi ya mara inazochajiwa na kuisha, na kwa umri wake tu hata ikiwa imekaa, na joto huharakisha zote mbili. Roboti ya Sweden hupumzika miezi ya baridi, ikiwa imehifadhiwa ndani ya banda. Ya kwako, ukimwagilia uwanja kwa ajili ya wageni, itafanya kazi mwaka mzima, hivyo mwaka wake mmoja Shangani ni zaidi ya mwaka mmoja wa kule. Betri ambayo huko ingehesabiwa miaka mitano, mimi hapa naihesabia mitatu, minne ikiwa kituo cha kuchajia kimewekwa kivulini na mashine haifanyi kazi saa sita mchana. Mashine nyingi hukataa kuchaji seli zikishapata joto la nyuzi 45 hivi, na chombo cheusi kilichoachwa juani juu ya sakafu ya saruji hufika huko bila shida, ndiyo maana watu hulalamika kuwa „haichaji“ wakati imejizuia yenyewe kwa busara. Ipange ikate alfajiri na jioni.

Kiangazi kikija, kati ya Juni na Novemba, pemba isiyomwagiliwa haikui kiasi cha kuhitaji kukatwa kila siku, basi ipunguzie siku. Ukiamua kuizima kabisa kwa miezi kadhaa, izime kwa swichi yake kuu, betri ikiwa nusu, uiweke ndani. Betri iliyoachwa ikashuka chini ya kiwango fulani hufungwa na sakiti yake ya ulinzi na haipokei tena chaji. Hapo ndipo fundi wa simu atakapokuambia kwamba anaweza kuistua, yaani kuilazimisha ipokee chaji. Anaweza kweli, na kwa betri ya simu pengine ameshafanya hivyo mara mia. Kwa pakiti ya seli tano au kumi zilizounganishwa, seli moja ikiwa imekufa ndani yake, kuistua ni kuchezea moto kwa maana halisi ya neno, kwa hiyo kataa.

Ya pili ni hewa ya bahari, pamoja na wadudu na wanyama wadogo wanaopenda mahali pakavu penye joto kidogo. Niruhusu nikueleze mfano mmoja. Mwaka jana nililetewa kutoka Lindi mashine ya waya pamoja na kituo chake, mwenyewe akiwa ameshaambiwa kwamba bodi imeungua na hakuna la kufanya. Bodi ilikuwa nzima. Vibati viwili vya shaba ambavyo mashine huvigusa inaporudi kuchaji vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, mnene kiasi cha kubanduka kwa kucha, na kwa maelezo ya mwenyewe mashine ilikuwa ikigusa kituo, taa inawaka kidogo, inarudi nyuma, inajaribu tena, usiku kucha, mpaka betri inaisha ikiwa hatua moja kutoka kwenye umeme. Nilisugua kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, ikachaji. Nilipofungua kifuniko cha kituo nikakuta sisimizi wamejaza udongo kwenye kona, na mjusi kafiri mkavu amelala juu ya terminali za waya, mkia huku na kichwa kule. Mashine iliyotangazwa imekufa ilihitaji saa moja na nusu ya kazi, na nusu ya muda huo ulikuwa wa kutoa sisimizi.

Kwa hiyo vibati vya kuchajia visuguliwe kila mwezi, na matundu ya nyaya kwenye kituo yazibwe kwa silikoni. Mashine ikigeuzwa kwa ajili ya usafi, itolewe majani kwa brashi. Zile ambazo maelezo yake yanaruhusu maji zioshwe kwa mpira wa kawaida wa bustani, kamwe si kwa mashine ya presha ya kuoshea magari, kwa sababu presha hupenya kwenye sili za magurudumu, na maji yakishaingia hayatoki tena: hukaa humo yakiila bodi taratibu. Na yeyote atakayefungua bodi ya ndani abadilishe sili ya mpira kabla ya kufunga, asiirudishe ileile iliyokwisha kulala.

Ya tatu ni waya wenyewe. Kituo hupitisha mawimbi madogo ya umeme kwenye waya unaozunguka bustani, na mashine huyahisi kupitia koili zake ikajua iko ndani au nje ya mpaka. Waya ukikatika popote, mashine inasimama na taa ya kituo inabadilika. Jembe la palizi litaukata, panya watautafuna, mizizi ya mwembe itauvuta. Hii ndiyo hitilafu utakayoiona mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotengenezeka kirahisi kuliko zote, jambo ambalo kwangu ni sababu kubwa ya kuupenda waya. Fundi umeme yeyote mwenye mita anaweza kuutafuta mkato kwa kugawa: anaunganisha kipande cha waya mzima kutoka kituoni hadi katikati ya mzunguko, anaona nusu ipi imekufa, kisha anaigawa nusu hiyo tena, mpaka anabaki na mita tatu nne za kufukua. Asichoweza kufanya ni kusokota ncha mbili na kuzifunga kwa selotepu ya umeme. Kiungo cha namna hiyo kwenye mchanga wenye chumvi hudumu masika moja, tena kinakufa nusu-nusu, waya unapitisha leo, kesho haupitishi, na hitilafu ya aina hiyo huchosha kuliko mkato kamili. Vipo viunganishi vidogo vyenye jeli ndani, vya kubana kwa koleo. Kijana alete thelathini, havina uzito wowote.

Waya huohuo pia hunasa radi. Hauhitaji kupigwa moja kwa moja; radi ikipiga jirani, msukumo wa umeme unapita kwenye mzunguko mrefu wa waya na kuingia kwenye bodi ya kituo. Mawingu mazito ya masika yakianza kuunguruma, mtu achomoe plagi ya ukutani na ncha zote mbili za waya kituoni. Umeme wenyewe wa ukutani, kwa jinsi unavyopanda na kushuka, upitie kwenye kifaa cha kulinda kama kile cha friji.

Sasa nifike kwenye msaada wa matengenezo, ambapo swali lako lina uzito zaidi kuliko ulivyodhani ulipoliandika. Karibu roboti zote zina namba ya siri ya kuzuia wizi. Mashine ikizimwa, ikanyanyuliwa au ikabadilishiwa mmiliki, huidai namba hiyo, na bila namba haikati hata jani moja. Kuifungua bila namba ni kazi ya wakala wa kampuni, atakayedai risiti ya ununuzi, na wakala huyo hayuko Mtwara. Zaidi ya hapo, aina nyingi za karibuni zimeandikishwa kwenye akaunti ya mmiliki katika seva za kampuni. Kijana aifute mashine kwenye akaunti yake akiwa bado Sweden, akuandikie namba ya siri kwenye karatasi, na alete mashine na kituo vilivyokuwa pamoja, kwa kuwa huwa vinatambuana kwa msimbo na kimoja kikipotea kingine kinahitaji kuoanishwa upya.

Jambo la seva lina upande mwingine. Kampuni za roboti za majani hununuliwa, hubadilisha mwelekeo, na nyingine huacha biashara hiyo. Chapa ya Robomow, iliyoanzia Israeli, ilinunuliwa na kampuni ya Marekani ya MTD mwaka 2017, na MTD yenyewe ikaingia mikononi mwa Stanley Black & Decker mwaka 2021. Kampuni ya iRobot ilitangaza roboti yake ya majani, Terra, mwezi Januari 2019, na mwaka uliofuata ikaiweka kando. Mwenye mashine isiyotegemea intaneti huzisoma habari hizo kwenye gazeti, akanywa chai yake, na mashine ikaendelea kukata. Mwenye mashine ambayo kila mpangilio wake unapitia programu ya simu na seva za mbali ana haki ya kuwa na wasiwasi. Jaribio la kufanya ni jepesi: kijana azime intaneti nyumbani kwake kwa siku mbili, aone kama mashine bado inafuata ratiba, na kama ratiba inaweza kubadilishwa kwa vibonye vya juu ya mashine au kwa bluetooth.

Hapo ndipo ile mpya inaponipa shaka. Mashine ya satelaiti, ili ijue ilipo kwa sentimita chache, huhitaji masahihisho kutoka antena ya pili iliyosimikwa mahali penye anga wazi, au kutoka huduma ya mtandao inayolipiwa na ambayo si kila nchi inayo. Miembe miwili iliyokomaa hufunika sehemu kubwa ya anga juu ya uwanja wa mita 600. Aidha, sisi tuko nyuzi kumi tu kusini mwa ikweta, na katika ukanda huu tabaka la juu la anga huchafuka baada ya jua kutua kiasi cha kuyumbisha mawimbi ya satelaiti, tena jioni, mojawapo ya nyakati ninazokushauri mashine ifanye kazi. Zipo zinazojisaidia kwa kamera au kwa leza, na zinasaidika kweli. Lakini kila kihisi kilichoongezwa ni kitu kimoja zaidi ambacho hapa hakuna atakayekibadilisha. Kama kijana ana hamu ya kununua mpya, ningemwomba asubiri kidogo: kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vichache, vikiwamo baadhi ya vile vilivyoundwa kwa ajili ya mazingira ya majimaji, na betri za akiba zipatikane kwa angalau miaka 5 baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji kama mashine hiyo imo ndani ya kanuni au imesamehewa.

Dhamana ya dukani Sweden usiihesabu. Hata ikiwa bado hai, itakutaka uirudishe mashine kwa muuzaji, na nauli peke yake itakukatisha tamaa.

Nani basi ataitengeneza hapa? Nitakuwa mkweli kuhusu kazi yetu. Fundi umeme atakutengenezea waya na kituo. Fundi wa pikipiki aliyezoea kung'oa beringi bila kupasua nyumba yake ataweza beringi za magurudumu na za sahani ya visu, mradi asome namba iliyo ubavuni mwa beringi ya zamani na asikuletee inayokaribiana tu. Fundi mzuri wa elektroniki ataweza soketi, swichi, nyaya zilizokatika na vihisi vya kugongwa, ambavyo kwa kawaida ni sumaku ndogo na kipokezi chake. Bodi kuu iliyoungua hakuna wa kuitengeneza, wala Dar es Salaam sijamwona anayeitengeneza ikadumu, hubadilishwa nzima. Mota ya gurudumu nayo hubadilishwa. Mafundi wetu wa kusuka mota ni hodari kwa pampu za maji, lakini kamota haka kadogo hakalipi jasho la kukasuka.

Maana yake spea zitangulie kabla ya uharibifu. Mwezi Mei 2024, wakati wa mvua za kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na mzigo wowote uliokuwa njiani ulingoja. Mbali na viunganishi vya waya, kijana alete betri moja mpya ya kiwandani, mota moja ya gurudumu, seti ya sili, na visu vya kutosha miaka miwili pamoja na skrubu zake, kwa sababu mchanga wetu huvitia ubutu haraka na visu hivyo vitabadilishwa kila mwezi au miwili. Betri ya akiba asiipakie kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Sheria za usafiri wa anga zinataka betri za lithiamu za akiba zibebwe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na hadi wati-saa 100 hazihitaji kibali cha shirika la ndege. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ni wati-saa 36 tu, hivyo anayo nafasi. Kutuma betri peke yake kama kifurushi cha ndege ni shughuli ndefu zaidi, na wasafirishaji wengi huikataa papo hapo.

Hukuuliza kuhusu kijana wako wa bustani, lakini usimpunguze. Roboti haifiki kwenye kingo za ukuta na kuzunguka mashina ya miembe, na pemba, kwa jinsi inavyotambaa na kujisokota juu kwa juu, itaota kapeti nene ambalo mara moja kwa mwaka linahitaji kukwanguliwa kwa reki ya chuma. Yeye ndiye atakayesugua vibati, kubadilisha visu akiwa amevaa glavu na mashine imezimwa, kuokota maembe yaliyodondoka na kuiondoa uwanjani watoto wa wageni wakitoka kucheza. Mashine iliyo na mtu mmoja anayeijua hupona. Isiyo na mtu, kila anayepita huifungua. Mfundishe yeye peke yake namba ya siri, na umwongezee kidogo kwenye mshahara.

Kuhusu miaka: kwa mashine yenye misimu minne mgongoni, ikija na vitu hivyo na kuwekewa kituo kivulini, mimi naihesabia mingine mitano au sita Shangani, ikila betri mbili ndani ya muda huo. Ikija peke yake, bila spea, naipa mpaka betri yake ya sasa iishe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwomba kijana afungue ukurasa wa kumbukumbu kwenye menyu ya mashine, ambapo nyingi huonyesha jumla ya saa ilizofanya kazi na idadi ya mara ilizochajiwa, aupige picha na kukutumia. Ikiwa imechajiwa zaidi ya mara elfu moja na betri ni ileile ya kiwandani, alete betri mbili mpya badala ya moja, na hiyo ya zamani aiache hukohuko Sweden, ambako kuna mahali rasmi pa kuikabidhi.